Plastiki nyeusi za nje zilizopauka: jinsi ya kuzirejesha, gharama yake na mitego yake kwa magari ya Kasese na Bwera

KASESE/BWERA – Gari linaweza kuwa na injini nzima, gia zisizosumbua na matairi mapya, lakini likifika Bwera na bampa lililopauka kama jivu, mnunuzi huanza kushusha bei kabla hajafungua boneti. Kwa mwenye lori au taksi hali ni hiyo hiyo: mteja anayetafuta wa kumbebea kahawa, maharage au samaki huliangalia gari kwanza, ndipo auliza bei.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Mwaka 2018 Uganda ilipitisha sheria ya kuzuia kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, isipokuwa aina chache zilizotajwa katika sheria hiyo. Magari ya zamani yaliyokwisha kuingia, kama Hiace, RAV4 za mwanzo, Pajero, Canter na Probox, yanaendelea kufanya kazi na kuuzwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mengi kati ya hayo yana bampa, madigadi, vioo vya pembeni, vishikio vya milango na fito za ubavuni ambazo hazikupigwa rangi kiwandani. Weusi wake umo ndani ya plastiki yenyewe. Ukipotea, haurudi kwa polishi ya kawaida.

Makala haya yanaeleza kwa nini plastiki hizo hupauka, njia zilizopo za kuzirejesha, ipi inalipa kwa nani, na jinsi mnunuzi anavyoweza kugundua gari lililopakwa mafuta ili kuficha ubovu.

KWA NINI ZINAPAUKA

Sehemu nyingi za aina hii hutengenezwa kwa polipropilini, mara nyingi ikiwa imechanganywa na raba ili isipasuke inapogongwa. Kiwandani huongezwa masizi laini, ambayo hutoa rangi nyeusi na pia huzuia miale ya urujuanimno ya jua isipenye ndani. Wakati mwingine huongezwa pia unga wa madini ili plastiki iwe ngumu.

Jua likipiga kwa miaka, tabaka la juu kabisa huanza kukatika. Nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho hutokea, unga wa madini hujitokeza, na mwanga ukipiga hapo hutawanyika. Jicho huona kijivu au weupe. Ni tabaka jembamba tu la juu lililokufa. Chini yake plastiki bado ni nyeusi. Hii ndiyo sababu plastiki iliyopauka huonekana nyeusi tena ikilowa maji, kisha hurudi kuwa kijivu ikikauka. Maji hujaza nyufa kwa muda.

Ukanda wa Kasese una sababu zaidi. Mstari wa Ikweta unakatiza barabara karibu na Kikorongo, pale wanapogeukia madereva wanaokwenda Bwera na Mpondwe. Ziwa Edward lenyewe liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopunguza uwezo wa kuchuja miale hiyo. Gari linaloegeshwa juani kutwa katika ukanda huu huchakaa upesi kuliko linalolala kivulini.

Kuna pia vumbi. Vumbi la murram huingia katika vinyweleo vya plastiki na kuacha rangi ya kahawia. Malori yanayobeba saruji kutoka Hima hupata unga wenye chokaa ambao, ukinyeshewa, huganda kama utando mweupe. Chumvi ya Katwe haili plastiki, lakini maji yake yakijificha nyuma ya fito au bampa hula chuma kilichoshikilia. Upande wa pili wa mpaka, barabara ya Kasindi–Beni ya kilomita 80 imo katika mradi wa pamoja wa Uganda na Kongo uliozinduliwa mwaka 2021. Popote barabara inapokuwa bado ni ya udongo au iko katika ujenzi, mawe madogo huparuza sehemu za chini za gari.

TAMBUA KWANZA NI KITU GANI

Kosa la kwanza la wengi ni kutumia dawa moja kwa kila kitu cheusi. Katika gari moja kunaweza kuwa na vitu vinne tofauti:

1. Plastiki isiyo na rangi juu yake: bampa, madigadi, sehemu ya chini ya kioo cha mbele.
2. Raba: kingo za milango na za vioo.
3. Chuma au aluminiamu iliyopigwa rangi nyeusi: fito za juu ya milango, mikono ya waipa, keria, baadhi ya bampa za malori.
4. Karatasi ya vinaili iliyobandikwa, hasa kwenye nguzo za kati ya madirisha.

Njia rahisi ya kutambua aina ya plastiki ni kusoma alama nyuma yake. Viwanda vingi huandika herufi kati ya mabano yenye ncha. Alama ya PP ni polipropilini. PP+EPDM ni polipropilini yenye raba. ABS ni plastiki ngumu zaidi ambayo hushika rangi kwa urahisi. PA ni nailoni. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mfuko, kwa sababu rangi ya kawaida haishiki kwenye PP. Fundi asiyesoma alama hupiga rangi nzuri leo, na baada ya miezi michache ikabanduka kama ganda la ndizi.

Alama ikiwa imefutika, kipande kidogo kilichovunjika kinaweza kutumbukizwa ndani ya maji. Polipropilini tupu huelea, ABS huzama. Jaribio hili si la kutegemewa moja kwa moja, kwani PP yenye unga mwingi wa madini nayo huweza kuzama. Kikielea, hata hivyo, hakika si ABS.

KUSAFISHA NDIYO NUSU YA KAZI

Njia yoyote itakayochaguliwa, ikiwekwa juu ya uchafu itashindwa. Utaratibu ni huu:

Kwanza, gari lioshwe kwa maji mengi ili mchanga uondoke kabla ya kusugua. Kisha plastiki isuguliwe kwa brashi ya nyuzi za wastani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, mpaka povu litoke jeupe na si la kahawia. Kwenye kona ndogo mswaki wa zamani unatosha.

Utando wa saruji hauondoki kwa sabuni. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa viwili, hupakwa, husuguliwa na kuoshwa mara moja. Isiachwe ikaukie hapo, wala isitiririke kwenye chuma kilicho wazi.

Alama nyeupe za polishi iliyokauka, zile zinazobaki kwenye plastiki yenye vipele baada ya gari kupigwa nta, hutoka kwa raba nyeupe ya kufutia penseli au kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni.

Mwisho, plastiki ikishakauka, ipanguswe kwa kitambaa safi chenye alkoholi ya isopropili ili kutoa mafuta na silikoni iliyobaki. Petroli na tinna zisitumike kwa kazi hii. Huingia ndani ya plastiki na raba na kuzilainisha, huharibu rangi ya gari pale zinapogusa, na mvuke wake huwaka moto kwa cheche ndogo.

Gari likauke vizuri. Vinyweleo vya plastiki hushika maji kuliko bodi, hivyo saa kadhaa kivulini ni bora kuliko kuharakisha.

NJIA NNE ZA KUREJESHA WEUSI

Mafuta ya kung'arisha. Hizi ni dawa za chupa, nyingi zikiwa na silikoni, zinazopakwa kwa sponji. Kazi ni ya dakika chache. Kama yalivyo maji, hujaza nyufa tu, hazitengenezi kitu. Hudumu siku chache hadi wiki chache, kutegemea mvua na idadi ya mara gari linapooshwa. Zile nzito hunasa vumbi, jambo ambalo kwa gari la barabara ya udongo ni hasara. Zile zenye msingi wa maji huacha mng'ao mdogo na hazinati sana.

Wapo wanaotumia oili chafu au dizeli badala yake kwa kuwa ni bure au rahisi. Huo si uchumi. Oili chafu hunasa vumbi, huchafua nguo za abiria na mizigo, ina kemikali zenye madhara kwa ngozi ya anayepaka, na ikigusa raba za milango huzifanya zivimbe na kulegea.

Joto. Fundi hupitisha mashine ya kupuliza hewa moto juu ya plastiki, na weusi hurudi papo hapo. Tabaka la juu huyeyuka kidogo na nyufa hufunga. Matokeo huvutia macho, lakini plastiki haikuongezewa kinga yoyote, hivyo jua huanza kazi yake upya. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi joto 160 za Selsiasi, na mashine hizo huweza kufika mara tatu ya hapo. Ukisimama sekunde chache mahali pamoja, bampa hupinda au vipele vyake hufutika, na hapo hakuna marekebisho. Njia hii isitumike karibu na kioo, rangi ya bodi, nyaya wala tangi la mafuta. Moto wa gesi usitumike kabisa.

Kinga ya kudumu. Hizi ni dawa zinazokauka na kuganda juu ya plastiki, baadhi zikiwa na rangi nyeusi ndani yake na nyingine zikiwa za aina ya seramiki. Hazioshwi na sabuni. Kwa matumizi ya kawaida huweza kukaa miezi kadhaa hadi mwaka au zaidi, na huzuia sehemu ya miale ya jua. Sharti lake ni usafi: zikiwekwa juu ya mabaki ya silikoni hutoka kwa mabaka. Zipakwe kidogo kidogo, kwa kipande kimoja baada ya kingine, kivulini, na ziada ifutwe kabla haijakauka. Gari lisilowe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi saa 12 hadi 24.

Rangi. Ikiwa plastiki imeparuzika, imewahi kuchomwa, au imepauka mpaka unga unabaki kidoleni, rangi ndiyo njia inayofaa. Kama kipande kinatoka kwa urahisi, kitolewe. Kisuguliwe kwa msasa namba 320 hadi 400 au kwa sponji ya kusugulia ya kijivu, kioshwe, kikaushwe na kupanguswa kwa alkoholi. Hapo hufuata praima maalumu ya plastiki, ile inayofanya rangi ishike kwenye PP. Hii ndiyo hatua ambayo gereji nyingi huiruka ili kupunguza bei, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Kisha rangi nyeusi isiyong'aa, au yenye mng'ao wa wastani, hupulizwa mara mbili au tatu kwa tabaka jembamba, kila moja likiachwa dakika 10 hadi 15. Tabaka nene moja hutiririka na kuchelewa kukauka ndani.

Karatasi na gundi vifunike vioo, bodi, matairi na taa. Virudisha mwanga na namba za gari visipigwe rangi hata kidogo, kwani gari lisiloonekana usiku ni hatari na ni kosa barabarani.

Fundi anayetumia rangi ya kuchanganywa na dawa ya kuigandisha ajue kwamba dawa hiyo huwa na kemikali zinazoweza kumletea pumu ya maisha. Barakoa ya vumbi haitoshi. Inahitajika yenye vichujio vya mvuke, na mahali penye hewa.

Kuhusu wakati, mvua za Kasese huja zaidi kati ya Machi na Mei na kati ya Agosti na Novemba. Kazi ya rangi ya nje ipangwe katika miezi mikavu au chini ya paa, asubuhi kabla upepo haujaanza kuinua vumbi.

RABA NA CHUMA

Raba za milango zisipewe dawa ya plastiki yenye rangi. Nyingi ni za aina ya EPDM, ambayo huvumilia jua na maji lakini haivumilii mafuta ya petroli. Gliserini au silikoni safi huzifaa. Grisi na vazelini hazifai. Kwa mfanyabiashara, raba ni suala la mzigo kuliko la urembo: gunia la kahawa lililolowa kwa sababu ya raba iliyovimba ya mlango wa nyuma hugharimu kuliko raba mpya. Iliyopasuka ibadilishwe, isipakwe.

Fito za chuma zilizochubuka zisuguliwe kwa msasa namba 180 hadi 240 mpaka kutu iishe, zipigwe praima ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeusi. Ni vizuri fito itolewe na nyuma yake pakaguliwe, hasa kwa malori yanayobeba chumvi au samaki wabichi. Vinaili iliyokunjamana haina tiba: ipashwe joto kidogo, ibanduliwe na kuwekwa mpya.

HESABU YA MWENYE GARI

Bei ya chupa haimwambii mwenye gari ni njia ipi rahisi. Hesabu inayofaa ni hii: gharama ya vifaa, jumlisha fundi, jumlisha kipato kinachopotea gari likilala, kisha gawanya kwa miezi kazi itakayodumu.

Chukua mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu, si bei za soko. Kila mmoja aweke zake:

- Mafuta ya kung'arisha: shilingi za Uganda 20,000, hudumu nusu mwezi, gari halilali. Kwa mwezi ni 40,000.
- Kinga ya kudumu: vifaa na fundi 150,000, gari hulala nusu siku kwa hasara ya 60,000. Jumla 210,000 kwa miezi 12, yaani 17,500 kwa mwezi.
- Rangi yenye praima: 400,000, gari hulala siku mbili kwa hasara ya 240,000. Jumla 640,000 kwa miezi 36, yaani karibu 17,800 kwa mwezi.
- Rangi hiyo hiyo bila praima, ikabanduka baada ya miezi minne: karibu 160,000 kwa mwezi, hata kama fundi alipunguza bei kidogo.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, chupa ya bei ndogo ndiyo ghali kwa anayekaa na gari mwaka mzima. Pili, kwa anayeuza gari mwezi huu, chupa hiyo hiyo ndiyo ya busara, kwa kuwa hana miezi 36 ya kugawanya gharama. Muuzaji na mtumiaji hawana hesabu moja. Na hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kufungua macho.

KWA ANAYENUNUA GARI BWERA AU KASESE

Gari linalong'aa weusi siku ya mauzo linaweza kuwa limetunzwa, au limepakwa asubuhi hiyo. Kutofautisha si kazi ngumu:

- Pangusa bampa kwa kitambaa cheupe chenye sabuni kidogo. Kikitoka na mafuta au weusi, ni dawa ya siku chache.
- Linganisha pande mbili. Upande mmoja ukiwa mweusi wa zamani na mwingine mpya kabisa, uliza ajali.
- Kuna kwa ukucha ukingo wa ndani wa bampa. Rangi ikibanduka, haikuwekewa praima.
- Vuta raba ya mlango na angalia chini yake. Tope lililokauka mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki ni dalili ya gari lililozama. Kasese inajua mafuriko: mto Nyamwamba ulifurika na kufanya uharibifu mkubwa mwaka 2013, na tena mwaka 2020.
- Tazama skrubu za madigadi. Zenye mikwaruzo mipya zinaonyesha kipande kimetolewa. Muuzaji aeleze kwa nini.

Bampa lililopauka lakini lisilo na ufa si sababu ya kuacha gari zuri. Ni sababu ya kujadili bei, kwa kiasi cha gharama ya kulirejesha na si zaidi. Ikiwa plastiki imepasuka au meno yake ya kushikia yamevunjika, kipande kilichotumika kutoka kwa wauza vipuri, kwa mfano soko la Kisekka mjini Kampala, huweza kuwa nafuu kuliko ukarabati. Mnunuzi aende na kipande cha zamani au picha yake, kwani gari la jina moja huwa na bampa tofauti kwa miaka tofauti.

KWA UFUPI

Soma alama nyuma ya plastiki kabla ya kununua dawa. Safisha mpaka povu liwe jeupe. Tumia mafuta ya kung'arisha kwa mauzo ya haraka, kinga ya kudumu kwa gari la kazi ambalo plastiki yake bado ni nzima, na rangi yenye praima kwa plastiki iliyokwisha. Epusha oili chafu, dizeli na petroli. Baada ya hapo, kinga iliyo rahisi kuliko zote haiuzwi dukani: kuosha vumbi kila baada ya safari, na kuegesha kivulini wakati karatasi zikishughulikiwa Mpondwe.